Hatukuifuata Barabara, Tuliletwa

Kila anayeishi kando ya barabara kuu hapa Tanzania ameshasikia swali hili. Afisa anasimama mbele ya mkutano wa kijiji, anagonga kipaza sauti kwa kidole, anasalimia kwa jina la Jamhuri, halafu anauliza: "Ndugu wananchi, naomba tuelewane. Wewe uliifuata barabara, au barabara ilikufuata wewe?" Watu hucheka kidogo, wale wa mbele hasa. Ni swali lililopangwa vizuri, maana jibu lake limeshapakwa ukutani. Kama uliifuata barabara, alama ya X kwenye nyumba yako ni nyekundu na utabomoa mwenyewe bila kulipwa. Kama barabara ndiyo iliyokufuata, X yako ni ya kijani, na hapo unaingia kwenye foleni ya fidia.

Kijiji chetu kipo kati ya Igawa na Uyole, kwenye ile njia ya kwenda Zambia ambayo wazee bado wanaiita Tanzamu. Jina la kijiji naliacha, kwa sababu ni kidogo na wanaotufahamu watajua mara moja namzungumzia nani. Ukitoka Mbeya kwenda Makambako, milima inabaki kulia na bonde la Usangu linafunguka kushoto, mpunga mpaka macho yanachoka. Katikati ndiyo lami, na pembeni mwa lami ndiyo sisi. Habari za kupanua barabara kutoka Igawa hadi Tunduma, kilomita 218, tumezisikia kwa miaka. Kipande kilichotangulia ni cha Mbeya mjini, kilomita 29 za njia nne kutoka Nsalaga hadi Ifisi. Sisi wa mashambani tunangoja zamu yetu, na kungoja huko ndiko kulikonifanya niandike.

Niseme mapema kwamba sina ugomvi na upanuzi. Anayedai watu wa vijijini wanapinga maendeleo aje asimame kwetu saa moja jioni, wakati mabasi ya kutoka Dar yanawahi kufika Mbeya na malori yanayopanda kwenda Zambia na Kongo yamejipanga moja nyuma ya lingine. Lori lenye tela na mzigo wa shaba au mbolea linapanda kilima kwa mwendo wa mtu mwenye haraka kidogo. Nyuma yake yapo mengine, na nyuma ya yote kuna dereva wa basi aliyechoka kuvumilia. Anatoka. Anayekuja upande wa pili anawasha taa zote alizonazo. Tuliopo pembeni tunaingia mtaroni bila kuambiwa, mama na ndoo yake, mtoto na begi la shule, mwenye bodaboda na abiria wake. Hiyo kwetu si habari ya kusimulia, ni jioni ya kawaida. Barabara ya njia mbili iliyojengwa kwa magari ya zama za babu haiwezi kubeba biashara ya nchi tatu za leo. Ipanuliwe.

Ila lile swali la nani alimfuata nani, kwetu lina jibu la tatu, na afisa hakuliweka kwenye orodha yake.

Turudi nyuma kidogo. Novemba 1965 walowezi wa Rhodesia, Zimbabwe ya leo, walijitangazia uhuru wao, na Zambia, iliyokuwa ikipitisha karibu kila kitu kusini, ikajikuta mlango umefungwa. Mafuta ya petroli yakaanza kupita Dar es Salaam, mapipa kwenye malori, juu ya barabara ya vumbi wakati wa kiangazi na ya tope wakati wa masika. Bomba la mafuta la TAZAMA, la Tanzania na Zambia, likaanza kazi mwaka 1968. Lami ikawekwa kipande kwa kipande kati ya mwishoni mwa miaka ya 1960 na mwanzoni mwa 1970, na reli ya TAZARA, kilomita 1,860 kutoka Dar hadi Kapiri Mposhi, ikafuata na kufunguliwa mwaka 1976. Ndani ya miaka kumi bonde letu lilipitiwa na bomba, lami na reli. Wazee wetu walikuwa wanaitazama lami kutoka mbali, kwa sababu hawakuwa wakiishi hapo. Babu alikuwa na mji wake juu, kwenye miinuko, karibu na kijito ambacho hata leo hakikauki Oktoba.

Novemba 1973 Mwalimu Nyerere akatangaza kwamba kuishi vijijini sasa ni amri, si hiari tena, na ifikapo mwisho wa 1976 kila mkulima awe ameshahamia. Kwetu operesheni ilifika mwaka uliofuata. Baba mdogo alikuwa mwanafunzi wa shule ya msingi, na akianza kusimulia huwa hakosi kuanza na kuku. Anasema lori lilipofika mama yake alikuwa bado anakimbiza kuku, na mgambo mmoja akamwambia, "Mama, kuku watakufuata wenyewe." Hawakufuata. Walishushwa kando ya lami pamoja na vitanda, mitungi na mlango mmoja wa mbao ambao babu alikataa kuuacha.

"Sasa nani alikupimia kiwanja, ba'mdogo?" niliwahi kumuuliza.

"Balozi wa nyumba kumi. Alisimama ukingoni mwa lami, akahesabu hatua, akasema wewe hapa, mwenzako pale. Tena alikuwa mfupi yule mzee, hatua zake ndogo."

Tulicheka, lakini kicheko hicho kina gharama. Mlengwa wa amri ile alitakiwa akae karibu na barabara ili shule, zahanati, bomba la maji na gari la pembejeo vimfikie. Ndiyo ilikuwa hoja nzima. Vijiji vingi vya nchi hii vimejinyoosha kama kamba kando ya barabara kwa sababu serikali ilivinyoosha hivyo. Halafu baada ya nusu karne mjukuu wa mtu aliyeshushwa na lori anaulizwa mbele ya watu kama yeye ndiye aliyeifuata barabara.

Jambo ambalo watu wengi kijijini hawalijui, na ambalo mimi nililikuta nikisoma Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya 1999 kwa sababu nyingine kabisa, ni kifungu cha 15. Kinasema ugawaji wa ardhi uliofanyika kwa watu walioishi au walioamriwa kuhamia kijijini kati ya Januari 1970 na Desemba 1977 unathibitishwa kuwa ni ugawaji halali. Yaani zile hatua fupi za balozi wetu zinatambuliwa na sheria ya Bunge. Hilo halimalizi kesi, maana hifadhi ya barabara, yaani ule ukanda wa pembeni uliotengewa barabara, ina sheria zake, na mwanasheria wa upande wa pili atakuambia balozi hakuwa na mamlaka ya kugawa eneo ambalo tayari lilikuwa la barabara. Anaweza kuwa na hoja. Lakini walau inabadilisha sura ya mazungumzo. Hatuwezi kuitwa wavamizi na huku tunaambiwa tuligawiwa kihalali.

Tuje kwenye mita. Hifadhi ya barabara ina historia ndefu kuliko wengi wetu. Sheria ya kwanza ni ya mkoloni, mwaka 1932. Kwa barabara kuu na za mikoa, kwa miaka mingi kipimo kilichozoeleka vijijini kilikuwa mita 22.5 kila upande kutoka katikati ya barabara. Sheria ya Barabara ya 2007 na kanuni zake za 2009 zikaongeza hadi mita 30. Hapo ndipo rangi mbili zilipozaliwa. Uliyemo ndani ya 22.5 unahesabiwa kuwa uliifuata barabara. Uliye kati ya 22.5 na 30 barabara imekufuata kwa kalamu ya Bunge, kwa hiyo unalipwa. Tofauti ya familia kupata kitu na kukosa kila kitu inaweza kuwa urefu wa meza ya kulia chakula.

Yapo maeneo yenye vipimo vyake vya pekee, na mfano ambao kila mtu anaukumbuka ni Kimara. Kwenye Barabara ya Morogoro, kuelekea Kiluvya, hifadhi ilihesabiwa mita 121.5 kutoka katikati. Mwaka 2017 nyumba zikaangushwa, zikiwamo za ghorofa, kupisha upanuzi wa kilomita 19.2 kutoka Kimara hadi Kibaha. Leo barabara ile ni pana na inapendeza, nami huipita nikifurahia. Pia kila nikipita nakumbuka picha za watu waliokaa juu ya makochi yao nje, wakiwa wamezungukwa na matofali. Watu wa kwetu walizitazama picha zile kwenye simu na kila mmoja akaanza kupima kwa macho umbali wa nyumba yake na lami.

Kisha kuna suala la "katikati". Watu hudhani katikati ya barabara ni ule mstari mweupe. Ndiyo, leo. Lakini barabara hunyooshwa, kona hukatwa, daraja jipya hujengwa pembeni mwa la zamani, na katikati inahama. Kuna nyumba kwetu ambazo mwaka 1974 zilikuwa mbali vya kutosha kwa kipimo chochote, na kona iliponyooshwa katikati ikazisogelea. Mwenye nyumba hakusogea hata inchi. Ukiwa na ramani ya zamani unaweza kuonyesha hilo. Nani kijijini ana ramani ya zamani?

Hizo ni habari za sheria. Sasa nieleze X inavyofanya kazi kwa macho yangu.

Ya kwetu ilipakwa kwa brashi pana, haraka, rangi ikachuruzika kidogo chini kabla ya kukauka. Waliopaka walikuwa vijana wenye adabu. Walisalimia, wakaomba maji ya kunywa, wakapima kwa utepe mrefu, wakapaka, wakaandika namba pembeni, wakaenda nyumba inayofuata. Hawakuwa na jibu la swali lolote, wala sikuwatarajia wawe nalo. Kuanzia siku hiyo ukuta ule haukupigwa lipu tena. Bati likitoboka linazibwa kwa lami ya moto na kipande cha mfuko. Mpangaji wa chumba cha mbele, fundi simu, alihamia kijiji cha pili akisema hawezi kuweka kaunta ya vioo kwenye nyumba inayosubiri kubomolewa. Shangazi alitaka mkopo wa kikundi, akataka kuweka nyumba kuwa dhamana. Waliokuja kukagua waliiona X wakiwa bado barabarani na hawakushuka kwenye pikipiki.

Mtu akikuambia fidia inahesabiwa siku ya uthamini, mwambie hasara inaanza siku ya brashi. Kati ya siku hizo mbili inaweza kupita miaka, na nyumba iliyoachwa bila matengenezo kwa sababu ya X ikija kuthaminiwa inakatwa uchakavu. Uchakavu ulioletwa na X yenyewe! Hili ndilo linaloniudhi kuliko hata rangi nyekundu. Mwenye nyekundu angalau anajua moja.

Kanuni za fidia si mbaya zikisomwa zote. Zile za mwaka 2001 zinataka mtu alipwe thamani ya ardhi na nyumba, mazao na miti, posho ya usumbufu, gharama za usafiri kwa mzigo wa tani 12 kwa umbali wa kilomita 20, pango la nyumba kwa miezi 36 kwa kiwango cha soko, na kwa mwenye biashara, faida halisi ya mwezi mara 36. Ukimsomea mtu wa kwetu orodha hiyo atakuuliza unasoma sheria ya nchi gani. Fidia inatakiwa ilipwe mapema, na ikipita miezi 6 riba inaanza kuhesabiwa. Sheria ya Uthamini ya 2016 nayo imeweka ukomo wa miaka 2: uthamini ukikaa muda huo bila malipo umekufa, unafanywa upya. Ni kinga nzuri kwenye karatasi. Lakini uthamini mpya maana yake ni kungoja upya, na katika kungoja upya hakuna anayepiga lipu.

Siku mthamini anapokuja unasimamishwa mbele ya nyumba yako ukiwa umeshika karatasi yenye namba, unapigwa picha. Mama mkubwa alikataa kupigwa mpaka abadilishe kanga. Akaingia ndani akakaa, mthamini akangoja juani, mwenyekiti wa kitongoji akawa anatafuta maneno ya kumwombea radhi. Alipotoka alikuwa na kitenge cha harusi na kilemba, kakamata karatasi yake kama cheti cha ubatizo. Kisha wakahesabu: milango, madirisha, aina ya sakafu, choo, jiko la nje. Wakaenda nyuma, migomba, mipapai, mwembe. Ule mwembe ndio kikao chetu. Vikao vya ukoo, posa, msiba, hata siasa zinafanyika chini yake. Kwenye fomu uliingia kama mwembe mmoja uliokomaa. Simlaumu mthamini, hana safu ya kuandikia kikao.

Makaburi yana sheria yake, ya mwaka 1969, na hapo naona serikali huwa makini kuliko kwenye kitu kingine chochote. Wanajua kaburi likiguswa vibaya mradi utasimama. Tusonge mbele.

Suala la biashara ndilo linalowauma wengi na linasemwa kidogo. Ile faida mara miezi 36 inataka uthibitisho, na pale inapohitajika, hesabu zilizokaguliwa. Dada mmoja hapa kwetu anauza wali na maharage, na kuku siku za soko, kwenye kibanda cha mbao karibu na sehemu malori yanapopaki. Madereva wa kwenda Tunduma wanamjua kwa jina, wengine wanapiga simu wakiwa Makambako ili wakute chakula. Nilimuuliza ana daftari la mauzo. Akaniangalia kwa huruma.

"Kaka, daftari nikiliandika TRA wa kodi si watakuja kabla ya barabara?"

Ukimcheka, kumbuka kwamba amesomesha watoto kwa kibanda hicho. Kwenye hesabu za mradi yeye ni mbao kadhaa na bati chache, vitu vinavyohamishika. Tena kiwanja si chake, yupo kwenye hifadhi ya barabara kwa hisani ya kutokufukuzwa, kwa hiyo hata X hakupata. Mwenye grosari ya tofali atalipwa kitu. Anayeuza mchele wa debe, anayechoma mahindi, kijana wa kuziba pancha, wanaokimbilia madirisha ya mabasi na ndizi na karanga, hao wote watahama bila kuandikwa mahali popote. Uchumi wa kijiji cha barabarani upo kwenye bega la barabara, mita chache zile zile ambazo sheria inasema hazina mtu.

Na barabara ikishapanuka, magari yatasimama wapi? Ukienda sehemu zilizopanuliwa utaona gari likitaka kusimama linahitaji mahali palipotengwa. Pasipotengwa, dereva anapita. Mkandarasi akichora sehemu ya kupaki malori na soko dogo nyuma yake, dada yetu atahamia hapo na pengine atapata wateja wengi zaidi. Asipochora, kijiji kitabaki kinatazama magari yakipita kwa kasi. Hiyo haihitaji fidia, inahitaji mtu mmoja aseme mapema, kabla michoro haijagongwa mhuri.

Sasa maji, maana hapa ndipo wataalamu wa mjini wanapotuacha. Sisi ni watu wa mpunga. Maji yanashuka kutoka milimani, yanavuka barabara kwa makalavati na mifereji, yanaingia mashambani upande wa bonde. Barabara kwa hiyo ni tuta refu linalokatiza njia ya maji yetu yote. Kalavati likiwekwa juu kidogo kuliko sakafu ya mfereji, waliopo upande wa milimani wanafurika na wa upande wa bonde wanakauka, na kosa hilo ni la sentimita tu. Likiwa jembamba, mvua moja kubwa ya Machi inaliziba kwa magogo na mabua. Niliwahi kuwasikia wazee wawili wakibishana na kijana wa vipimo kuhusu mfereji mmoja ambao kwenye ramani yake haukuwapo. Alikuja kiangazi, akaona bonde kavu lenye nyasi. Mzee mmoja akachuma fimbo, akachora ardhini mahali maji yanapopita masika, yanapogawanyika, na shamba la nani linaanza kupata. Kijana, kwa heshima yake, akatoa simu akapiga picha ule mchoro wa vumbi. Kama picha ile ilifika ofisini kwenye kompyuta ya mchoraji, mashamba yale yamesalimika.

Kitu kingine cha maji: kila barabara inapokarabatiwa inapanda. Tabaka juu ya tabaka, lami juu ya lami. Nyumba hazipandi. Nyumba ambayo zamani ulikuwa unapanda ngazi mbili kuingia, leo unashuka. Mvua ikinyesha, barabara nzima inamwaga maji sebuleni kwa mtu. Upanuzi ukija na tuta la juu zaidi na mitaro isiyo na pa kutokea, wale walioponea nje ya mita 30 ndio watakaokuwa na shida kubwa kuliko waliolipwa wakaondoka. Hao hawana X ya rangi yoyote, na hakuna anayewauliza.

Kuna mashimo ya kifusi pia. Mkandarasi anahitaji moramu, anachimba shamba la mtu kwa makubaliano, barabara inaisha, shimo linabaki. Masika linajaa, watoto wanaogelea. Sheria ya Mazingira ya 2004 inataka tathmini ya athari kabla ya mradi mkubwa, na tathmini hizo huwa na ukurasa mzuri kuhusu kurudishia mashimo. Tungependa ukurasa huo ubandikwe ofisi ya kijiji, kwa Kiswahili.

Mwisho ni kuvuka. Shule ya msingi kwetu ipo upande wa milima, nyumba nyingi upande wa bonde. Ng'ombe wanalala upande mmoja na kulisha upande mwingine. Kwenye makazi mwendo ni kilomita 50 kwa saa, na polisi wenye tochi za kupima mwendo wakiwapo unaheshimiwa. Wakiondoka, kinachobaki ni matuta. Ukiweka njia nne na ukuta wa zege katikati, matuta yanaondoka kwa sababu barabara ya kasi haipendi matuta, na kijiji kinakuwa viwili. Daraja la juu la watembea kwa miguu ni zuri Kimara. Ng'ombe hapandi ngazi, na bibi mwenye mzigo wa kuni naye hapandi. Kinachofaa kwetu ni kalavati la boksi lililojengwa juu kiasi cha mtu kupita bila kuinama. Kiangazi wapite watoto na mifugo, masika wapite maji, na pembeni kuwe na kingo ya kutembea miguu mikavu. Si gharama ya kutisha likichorwa mapema. Kulitoboa tuta baadaye ndiyo gharama.

Wengine hapa kijijini wana hoja ya pembeni ambayo sitaipuuza: kwamba sehemu kubwa ya malori haya yangepaswa kuwa kwenye reli. Mwaka 2025 mkataba wa kuifufua TAZARA kwa dola bilioni 1.4 umesainiwa na kampuni ya Kichina. Treni ikirudisha shaba yake, pengine njia nne zitatutosha kwa miaka mingi. Lakini reli haibebi abiria wa Igurusi kwenda Uyole saa kumi na mbili asubuhi, na mchele wa debe mbili hauna behewa. Tunazihitaji zote mbili.

Kwa hiyo kwenye mkutano ujao wa hadhara, baba mdogo ameshasema atanyoosha mkono wa kwanza. Akiulizwa alifuata barabara au barabara ilimfuata, atasema aliletwa, na atataja mwaka. Mimi nimepewa kazi ya kuchapa kifungu cha 15 kwa herufi kubwa, nakala za kutosha, pamoja na orodha fupi ya makalavati ambayo wazee wanataka yatembelewe masika, siyo kiangazi. Mama mkubwa ameomba tuongeze ombi la tarehe: X iwe na tarehe ya mwisho iliyoandikwa pembeni yake, na ikipita mtu aruhusiwe kupaka chokaa juu na kupiga lipu.

Kwa wasomaji wenye X ambao hamjafanyiwa uthamini bado, fanyeni hili wiki hii. Piga picha nyumba yote, ndani na nje, choo, kisima, kila mti, leo kabla haijachakaa zaidi. Mwenye biashara aanze daftari hata la mistari miwili kwa siku. Na siku ya fomu usisaini ukurasa ambao hujaupiga picha. Mtumie mtoto aliye mjini, akuhifadhie kwenye simu yake.